Maji ya Moto, Maji ya Baridi, na Daftari Nililolikataa

"Mwalimu, ya baridi ndiyo yameganda kwanza."

Alikuwa amesimama mlangoni mwa ofisi, daftari kalishika kwa mikono miwili kama mtu anayempa mgeni sahani. Saa nane mchana, joto la Korogwe limejaa chumbani, na mbele yangu kuna rundo la mitihani ambayo haijasahihishwa. Daftari lile nililitazama kwa muda usiofika dakika moja. Safu mbili, "moto" na "baridi". Nyakati zimeandikwa kwa kalamu ya bluu, na mahali pamoja pamefutwa pakaandikwa upya.

Nikamwambia, "Umekosea mahali. Karudie."

"Nimerudia mara tatu, mwalimu."

"Basi umekosea mara tatu."

Akafunga daftari, akasema ahsante, akaenda zake. Mimi nikachukua orodha ya kazi za klabu ya sayansi zitakazopelekwa kwenye maonyesho, nikapiga mstari juu ya jina lake.

Imepita miezi miwili na ushee. Ile "umekosea mara tatu" haijanitoka kichwani.

## Mpemba ninavyomsimulia

Wengi hapa wanamjua Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Tanzania aliyesema kwamba kitu cha moto kinaweza kuganda kabla ya cha baridi. Ila inabidi niseme ninavyomsimulia darasani, maana kosa langu lilianzia humo.

Naanza na maziwa. Shule ya Sekondari Magamba, Lushoto, mwaka 1963. Wanafunzi wanatengeneza aiskrimu: wanachemsha maziwa, wanatia sukari, wanangoja yapoe ndipo wayaingize kwenye friji. Nafasi ni ya kugombania. Mpemba amenunua maziwa kwa akina mama wa pale, yuko kwenye kuyachemsha, mara anamwona mwenzake anachanganya yake na sukari bila hata kuyachemsha ili awahi trei. Mpemba anaona akingoja yapoe atakosa, anayaingiza yakiwa ya moto. Baada ya saa moja na nusu anafungua friji: ya kwake yameganda, ya mwenzake bado ni kama uji.

Hapo huwa nanyamaza kidogo. Kisha namwigiza mwalimu wake: umechanganyikiwa, haiwezekani. Darasa hucheka. Nawapeleka Mkwawa, Iringa, ambako mwalimu mwingine anamjibu kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu, na wenzake wanaligeuza jibu hilo kuwa utani wa kila siku. Halafu anakuja mgeni kutoka chuo kikuu Dar es Salaam, Dk. Denis Osborne. Mpemba anasimama na kuuliza swali lake lilelile, wenzake wanaguna, na mgeni, badala ya kumkalisha chini, anaahidi kwenda kujaribu. Mwaka 1969 wanachapisha makala kwa pamoja katika jarida la fizikia la Uingereza. Leo dunia nzima inaliita jambo hilo kwa jina la mwanafunzi: athari ya Mpemba.

Nimeisimulia hivyo kwa miaka 11. Tena sisi tuko chini ya milima ileile. Ukitoka Korogwe ukafika Mombo, ukaanza kupanda, unakwenda Lushoto. Mpemba kwangu amekuwa kama mtoto wa jirani aliyewashinda wakubwa.

Binti mwenye daftari aliisikia hadithi hii kwangu mwaka jana, akiwa Kidato cha Pili. Ndiyo iliyompeleka kwenye friza la mama yake.

## Nilipojisikia mwenyewe

Wiki tatu baada ya kulikataa daftari nilikuwa nasimulia tena, mkondo mwingine. Nikafika pale pa mwalimu wa Magamba. Nikakaza sauti kama kawaida: umechanganyikiwa, haiwezekani.

Darasa likacheka.

Sauti niliyoisikia ilikuwa ya kwangu. Haikuwa sauti ya kuigiza. Ni ileile niliyoitumia mlangoni mwa ofisi, kwa mtoto aliyepima mara tatu.

Sikumaliza hadithi siku ile. Niliwapa zoezi, nikakaa.

Kwa siku kadhaa nilijitetea. Nilijiambia kwamba mambo haya mawili hayafanani: Mpemba alileta jambo jipya akakataliwa na waliolewa vitabu, ilhali binti huyu anapinga jambo lililokwisha thibitishwa. Mimi nililinda sayansi. Nikiwa natembea kurudi nyumbani hoja hiyo ilinitosha. Usiku ilikuwa hainitoshi.

Kwa sababu sikumuuliza swali hata moja. Sikuuliza alitumia chombo gani, maji kiasi gani, friza la namna gani, wala alijuaje kwamba yameganda. Hukumu ilitoka kabla ushahidi haujasomwa. Na jambo lililoniuma kuliko hilo nilikutana nalo nilipojiuliza: daftari lilelile, nyakati zilezile, lingeletwa na yule kijana anayeongoza darasa, ningefanya nini?

Ningemvutia kiti.

Najua ningemvutia kiti. Ningesema, hebu tuone, ulipimaje? Huyu binti anakaa nyuma, Kiingereza kinamsumbua, mitihani yake ya fizikia hairidhishi. Nilikuwa nimekwisha mweka kwenye fungu la wanaokosea, kwa hiyo alipoleta kitu nisichokitarajia, jibu lilikuwa tayari mdomoni. Baraza la Mitihani humpa kila mtahiniwa namba, na anayesahihisha haoni jina. Nimesahihisha mitihani ya namna hiyo, najua mkono unavyokwenda mahali usipomjua mwenye karatasi. Alama hutoka kwenye kilichoandikwa, maana hakuna kingine cha kutazama. Ofisini kwangu, daftari lilikuja na uso.

## Maswali mawili niliyoyafunga kamba moja

Niliamua kusoma upya, safari hii kama mtu ambaye hajaamua. Haikuwa rahisi kama inavyoandikika.

Makala ya 1969 nilikuwa naijua. Osborne alitumia mililita 70 za maji kwenye bika za kioo, akaziweka juu ya kipande cha povu gumu ndani ya friza, akabadilisha joto la kuanzia. Maji yaliyoanza kwenye nyuzi kama 25 ndiyo yaliyochelewa zaidi kuanza kuganda, na yaliyoanza kwenye 90 yakawahi mno kuyapita. Humo ndani kuna jambo ambalo siku zote nililipita haraka. Osborne anaeleza kwamba fundi wa maabara aliyepewa jaribio la kwanza alirudi na habari kwamba kweli, ya moto yametangulia, ila wataendelea kurudia mpaka wapate jibu sahihi.

Nililisoma hilo mara mbili nikaliacha. Nilikuja kulikumbuka baadaye.

Kisha nikasoma makala ya 2016 ya Henry Burridge na Paul Linden. Walijaribu kwa uangalifu mkubwa, wakakusanya na vipimo vya waliowatangulia, vikiwemo vya Mpemba na Osborne. Hawakuona ushahidi wa maana kwamba maji ya moto hupoa hadi nyuzi sifuri mapema kuliko ya baridi. Wakaonyesha pia kwamba ukiweka kipimajoto juu au chini kwa sentimita moja tu, tofauti hiyo peke yake inaweza kukuletea athari ya Mpemba ambayo haipo.

Kwa miaka mitatu nilijua kuna makala hiyo. Sikuwa nimeifungua.

Nilipoifungua nikajikuta naisoma kama wakili wa upande wa pili. Ile ya 1969 nilikuwa nimeisoma kama barua kutoka nyumbani. Hii niliisoma kama hati ya mashtaka, kila mstari natafuta ufa. Na nikaupata: wao walipima muda wa kufika nyuzi sifuri, si muda wa kuganda. Mpemba alizungumzia kuganda. Maji yanaweza kushuka chini ya sifuri yakabaki maji kwa muda kabla barafu haijaanza, kwa hiyo mambo hayo si mamoja. Nilifurahi sana kuiona hoja hiyo.

Furaha ile ndiyo iliyonishtua. Hoja yenyewe ni ya haki, wanafizikia wameitoa, na bado naiamini. Lakini niliifikia kwa sababu nilikuwa naitafuta, na sikuwahi kutafuta ya namna hiyo kwenye makala ya 1969. Sikuwahi kuuliza hata swali la kitoto: maziwa ya Mpemba yalikuwa yamechemshwa, ya mwenzake hayakuchemshwa. Je, hapo tunalinganisha moto na baridi, au vitu viwili tofauti? Miaka 11 nimesimulia maziwa yale na sikuliona hilo. Wahenga walisema ukipenda, chongo huita kengeza, na mimi nilipenda.

Kilichonigeuza ni neno dogo kwenye makala ya 2016. Wale watafiti wanasema wamefikia hitimisho lao kwa masikitiko kiasi. Nikasimama hapo. Kumbe na wao walitamani iwe kweli. Walikuwa na mapenzi kama yangu, wakayaweka pembeni, wakaandika walichokiona.

Ndipo nikaona nilikuwa nimefunga maswali mawili kwa kamba moja. La kwanza: Mpemba alionewa? Ndiyo. Aliyeona kwa macho yake akaambiwa amechanganyikiwa, bila aliyemwambia kwenda kutazama, ameonewa. La pili: je, maji ya moto huganda mapema? Hilo halijibiwi na uonevu. Jibu liko kwenye vikombe. Mimi nilihofu kwamba la pili likiyumba na la kwanza litaanguka, kwamba wale waliomcheka Iringa watakuwa wamepata haki yao. Hawawezi kuipata. Hata kama kila friza duniani lingempinga Mpemba, waliomcheka hawakuwa wamepima.

Na sayansi yenyewe haijafunga jalada. Aristotle aliandika habari za maji ya moto kupoa upesi, Francis Bacon akazirudia mwaka 1620. Mwaka 2012 jumuiya ya wanakemia ya Uingereza ilitangaza zawadi ya pauni 1,000 kwa maelezo bora ya jambo hili, yakaja maelezo zaidi ya 22,000. Mengi yanadhani ni mvuke unaopunguza maji, mengine ni hewa iliyoyeyuka humo, mengine mzunguko wa maji ndani ya chombo. Mwaka 2020 Avinash Kumar na John Bechhoefer wa Kanada walionyesha kitu kama athari ya Mpemba kwa kupoza chembe moja ndogo mno iliyoshikwa kwa mwanga wa leza. Hapo nilitaka tena kushangilia. Lakini chembe ile si kikombe cha maji.

## Jumamosi tatu kwa mama

Nilimwomba binti anipeleke alikofanyia jaribio. Mama yake anauza barafu za ubuyu na maji ya baridi karibu na stendi. Friza la kufungua kwa juu, limezeeka, kuta zake zina barafu nene kama mkate.

"Karibu mwalimu," alisema. "Huyu amenimalizia umeme wa luku yangu na vikombe vyake."

Nilimuuliza kama yeye huingiza vitu vya moto. Akatikisa kichwa. Ukiingiza vya moto friza linahema, umeme unakwenda, na kuta zinajaa barafu. Anachemsha maji kwa sababu ya usalama wa wateja, kisha anayaacha yapoe. Akanionyesha zinapoganda kwanza: pembeni kabisa, zilizogusa ukuta. Zile za katikati huchelewa hata kama ziliingia pamoja.

Mpemba naye, wakati wa likizo, alikutana na rafiki yake Tanga mjini aliyekuwa akiuza aiskrimu, akaambiwa kwamba yeye huingiza ikiwa ya moto ili iwahi. Wafanyabiashara wawili wa mkoa mmoja, kila mmoja na lake. Nilitaka kumwamini yule wa Tanga. Nikajizuia, maana huyu niliyesimama mbele yake naye hajawahi kujaribu ya moto, anajua tu gharama yake. Alichokijua kwa hakika ni nafasi ndani ya friza, na hicho ndicho kilichotufaa.

Kabla ya kuwasha jiko tukaandika kwanza kwenye ukurasa mpya: vikombe viwili vya bati vya aina moja, mililita 100 kila kimoja, kupimwa kwa silinda ya maabara. Tukaandika na maana ya kuganda, kwa sababu nilipomuuliza alikuwa analijuaje, alisema, "Kijiti kikikamatwa, mwalimu." Anasimamisha kijiti cha kiberiti katikati, na kikikataa kutikisika, yameganda. Mimi na vitabu vyangu sikuwa na kipimo kilicho wazi kuliko hicho.

Jumamosi ya kwanza, mara mbili, ya baridi yakatangulia. Nikasema turudie.

Jumamosi ya pili, mara ya kwanza, kijiti cha kikombe cha moto kikakamatwa mapema. Nilisimama. Moyo ulinienda mbio, nikasema kwa sauti, "Umeona!" Nikaanza kukusanya vifaa. Nilikuwa nimetosheka.

Binti hakuinuka. Alikuwa ameinamia ndani ya friza.

"Mwalimu, tubadilishe nafasi."

Akakiinua kile kikombe. Chini yake palikuwa na kishimo. Joto la maji lilikuwa limeyeyusha barafu ya sakafu, kikombe kikajichimbia na kukaa ndani yake kama yai kwenye kiota, kimegusana na barafu pande zote. Kikombe cha baridi kilikuwa kimekaa juu juu.

Hapo ndipo yule fundi wa Dar es Salaam aliponirudia. Nilipopata nisilolitaka, nilisema turudie. Nilipopata nililolitaka, nilifungasha. Mwamba ngoma huvutia kwake. Angekuwa hayupo yule mtoto, ningerudi shuleni na jibu moja zuri na hadithi mpya ya kusimulia.

Tulikata povu gumu la boksi la televisheni, tukaweka vikombe juu yake, kama Osborne alivyofanya, na kila raundi tukabadilishana nafasi. Baada ya Jumamosi tatu tulikuwa na majaribio sita yaliyokamilika: baridi mara tano, moto mara moja, ile ya kishimo. La saba lilikatishwa na umeme.

Ushahidi huu una uzito gani? Mdogo. Friza moja, aina moja ya vikombe, watu wawili. Hautoshi kusema Mpemba alikosea, na Osborne aliweka povu chini bado akaona alichokiona, jambo ambalo mpaka sasa sijui nilifanye nini. Lakini unatosha, na ulitosha tangu siku ya kwanza, kwa mtu kuvutiwa kiti.

## Mlangoni tena

Maonyesho yalikwisha pita. Yalifanyika wiki mbili baada ya mimi kulikata jina, na wanafunzi wanne walikwenda. Huyu alikuwa darasani siku hiyo. Nafasi ile siwezi kumrudishia, na sipendi kuandika kana kwamba Jumamosi tatu zimelipa.

Nilimwomba radhi mbele ya klabu, kwa kuwa klabu nzima ilijua jina lake limekatwa. Mwenzangu mmoja ofisini aliniambia si busara, ukimwomba mwanafunzi radhi mbele ya wenzake utawapoteza wote. Nilifikiri sana neno lake, maana ana miaka mingi kazini kuliko mimi. Mwishoni niliona kwamba nilimkataa hadharani. Nilieleza nilichofanya: kwamba sikuuliza, kwamba nilitazama nani ameleta kabla ya kutazama nini kimeletwa. Binti alikuwa ameinamisha uso, anachora mistari pembeni mwa meza. Hakusema kitu. Sikumtaka aseme.

Kazi za klabu za muhula huu nimeagiza ziletwe kwa namba, na mwalimu wa hesabu ndiye mwenye orodha ya majina. Juzi nimesoma moja nikadhani namjua mwandishi. Nikajikuta naanza kuipenda. Nikaiweka chini, nikaanza na nyingine.

Jana mchana amekuja tena ofisini, shikamoo mwalimu, daftari mkononi. Amechora jedwali jipya, safu mbili zilezile, na ya tatu ameiongeza yeye: "nafasi". Mstari wa saba ameandika "umeme". Mstari wa nane uko wazi.

"Jumamosi, mwalimu. Mama amesema tuje na luku yetu."